Injini ya Placidi

Joakim hakupiga hodi. Aliingiza pikapu kinyumenyume hadi mlangoni mwa gereji, akashuka, akawaonyesha vibarua mahali pa kuliweka lile dude lililoviringishwa kwenye turubai na kufungwa kwa kamba ya katani. Edina alikuwa amelala chini ya Land Rover ya mwalimu mmoja, kwa hiyo alichokiona kwanza ni viatu. Viatu vya ngozi ya kahawia, kisigino cha kushoto kimeliwa upande. Alivijua. Vilikuwa vya baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema akijitokeza, mikono imejaa grisi.

Joakim hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbao kilichokuwa kando ya meza ya kazi, kiti ambacho tangu baba yake Edina, Placidi, afariki hakuna mtu aliyekikalia, akaketi na kunyoosha miguu.

"Injini hiyo. Kahawa ikiisha ni Mpando. Uliiharibu wewe, utaitengeneza wewe."

"Mafundi wa Songea wamesemaje?"

"Songea wanataka niuze shamba. Wewe ni damu yangu, na kazi ya ukoo haina malipo." Aliinua kidevu kuelekea nyumbani, nyuma ya gereji. "Mama yako nimemletea debe la maharage. Mwite."

Ephrasia alitoka akijifunga kanga vizuri, akapiga magoti kidogo, akashukuru. Alishukuru kwa jina la mtoto wake, kwa jina la marehemu, na kwa jina la Mungu. Pikapu ilipokwisha kuondoka, Edina aliingiza mkono ndani ya debe na kuchota. Maharage yalikuwa yametobolewa na wadudu, na vumbi lake lilimbaki kwenye vidole.

"Tutachambua," mama yake alisema haraka. "Mazima hayakosekani."

Edina alikuwa akikitazama kile kiti.

Mwenye kuijua Mbinga anaujua Mpando. Kila mwaka, kahawa ikishauzwa na watu wakiwa na nguvu ya kucheka, wenye magari makuukuu huyashusha hadi Mbamba Bay, kisha hupanda nayo mbio kwa barabara ya zamani ya vumbi, kona juu ya kona, hadi uwanja wa mpira wa mjini. Hakuna dereva wa kulipwa humo. Kuna walimu, wauza mbolea, na katekista mmoja na Peugeot yake inayotoa moshi kama tanuri la matofali. Wa kwanza hupewa fahali. Placidi alimtwaa fahali huyo mara kadhaa, kwa Datsun ya manjano ambayo watu waliiita Nyuki. Aliinunua ikiwa mifupa mitupu kutoka kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akaifufua, na injini yake aliivunja na kuifunga mara nyingi kuliko alivyokwenda kuungama.

Kifo kilimkuta ameifunga nusu. Chini alikuwa amemaliza: krenki, pistoni, pampu ya oili, na karai la chini linalohifadhi oili. Juu kulikuwa wazi. Matanga yalipokwisha ukoo uliketi, na Edina, aliyekua akimshikia baba yake taa na baadaye akashika spana mwenyewe, aliomba gari libaki gerejini. Joakim alicheka kwa upole. "Binti ataolewa," alisema. "Gari haliolewi." Wazee wakatikisa vichwa. Joakim akaondoka na Nyuki, na injini ile nusu, na viatu.

Msimu mzima injini ilikaa katika ghala lake la kahawa kule kijijini Ruanda. Kisha, mwaka jana, Joakim alimwita Edina aimalizie. Edina alitaka kwanza kulifungua karai la oili asafishe, maana kitu kilicholala ghalani hakiaminiki. Joakim alisimama mbele yake na kunyanyua mkono. "Hapo alifunga marehemu. Mkono wa marehemu haufunguliwi."

Katika ukoo ule ndivyo walivyo. Ghala la mahindi alilolifunga marehemu huachwa mpaka lianguke lenyewe, na mpini alioutia kwenye jembe hautolewi. Fundi yeyote wa mahali pengine angeicheka habari hiyo na kuchukua spana. Edina hakucheka. Machozi yalimlenga, akaona ni kweli, wacha mkono wa baba ukae palepale, na akaifunga juu tu. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alikubali, na alikubali kwa mapenzi.

Siku ya Mpando, Joakim akiendesha, Nyuki alipanda hadi katikati ya mlima, akaanza kugonga tumboni, akanoki: injini ikafa. Waliivuta hadi uwanjani kwa trekta. Joakim akachukua kipaza sauti, akaueleza umati: "Nilimpa mtoto wa kike injini. Kosa ni langu." Uwanja mzima ulicheka. Hata padri alicheka, ingawa alijifuta uso haraka.

Tangu siku ile wateja walipungua. Lisemwalo lipo, walisema. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, wakiongozwa na mmoja aitwaye Florian, walimbatiza jina la Fundi Noki, na kila alipopita walipiga makopo kuigiza mlio. Mtu mmoja alimkuta kainama juu ya injini, mikono imezama ndani hadi viwiko, akamuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Safari hii hakumuuliza mtu. Asubuhi ya pili aliigeuza injini, akafungua nati za karai moja baada ya nyingine, mkono wa marehemu au si mkono wa marehemu. Alimwomba baba yake radhi kimoyomoyo, akalivuta karai likaachia.

Oili iliyobaki ilikuwa nzito na nyeusi. Ndani yake kulikuwa na makapi. Aliyachukua kidoleni akayasugua, akayanusa, kisha akageukia pampu na kuangalia chujio lake, lile linalofyonza oili kutoka karaini kuipeleka juu. Halikuonekana chujio. Lilikuwa limezibwa gubigubi na punje za kahawa, nyingine bado zina ganda, nyingine zimelainika kama uji, zote nyeusi.

Edina aliketi chini kwenye sakafu.

Alielewa yote kwa mara moja. Ghalani kule Ruanda Joakim alikuwa ameifunika injini kwa magunia ya kahawa, na magunia hayakung'utwa. Punje zilitumbukia kwa yale matundu ya juu ya kupitishia fito za vavu, zikashuka moja kwa moja hadi karaini, zikakaa kumngojea. Yeye aliifunga juu vizuri kabisa. Chini, injini ilikuwa imekabwa koo na kahawa ya Joakim, kisha yule yule Joakim akachukua kipaza sauti.

Alizitoa punje zote kwa kibano, akazitia ndani ya kopo la mafuta ya kupaka, akaliweka dirishani. Hakumwita mtu. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kutulia na kuketi, na ilikuwa tamu kidogo, na aliogopa ilivyokuwa tamu.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayejenga kaburi la adui yake kwa mawe mazuri. Alipeleka krenki kuchongwa Songea. Alitia beringi mpya alizoletewa na Joakim kwa kununa. Alisaga vavu mpaka zikaketi bila kupitisha hata petroli, akapanga ringi, akasafisha kabureta kwa brashi ya meno. Joakim alipopita kukagua, alikalia kile kiti, akamwambia Edina amletee maji, na maji yalipoletwa akayamimina chini akisema yana ladha ya grisi.

Siku ya kulifunga karai ilipofika, Edina alilichukua kopo dirishani. Alichagua punje zenye ganda gumu, akaanza kuzipachika kwenye chujio, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Mama yake alimkuta hapo, akiwa na kikombe cha chai.

"Unafanya nini?"

"Namrudishia chake."

Ephrasia hakujua injini, lakini kahawa aliijua. Aliangalia kopo, akaangalia chujio, akaweka kikombe mezani.

"Ndizo zilizoiua?"

"Ndizo. Za ghalani kwake."

"Na sasa itakufa tena?"

"Itakufa palepale mlimani. Mbele ya watu wote, na yeye akiwa ndani yake."

Edina alitegemea asikie habari za msamaha, maana Ephrasia alikuwa mama wa jumuiya na sala hazikumwisha mdomoni. Lakini Ephrasia naye aliyachambua yale maharage.

"Ikifa, watu watasema nini?" aliuliza.

Edina aliacha kupachika.

"Watasema Joakim alisema kweli," mama yake aliendelea. "Mara ya kwanza ni bahati mbaya, mara ya pili ni wewe. Utakuwa umemwapia kiapo cha uongo wake kwa mkono wako mwenyewe. Mwanangu, mimi sikukatazi kumlipa. Shemeji yangu amevaa viatu vya mume wangu miaka miwili, namwona navyo kanisani. Mlipe. Lakini usimlipe kwa jina lako."

Alichukua kikombe chake akaondoka. Alisahau kwamba alimletea Edina chai ile.

Edina alizitoa punje. Akaliosha chujio kwa petroli, akalipuliza, akaliangalia kwenye mwanga hadi akaona kila tundu. Akalifunga karai. Injini iliporudi ndani ya Nyuki, kila asubuhi aliiendesha polepole kwa njia ya Ukata kuilainisha, hadi siku ambayo alikanyaga mafuta kwenye kilima na gari likapanda likiimba. Alilia kidogo mle ndani, peke yake. Lilikuwa gari la baba yake, na lilikuwa zima, na Jumamosi Joakim angepanda nalo hadi kwenye fahali na kuchukua kipaza sauti.

Hapo ndipo alipopata la kufanya.

Mbamba Bay siku ya Mpando ilinuka dagaa wa usipa waliokuwa wakianikwa na petroli ya magari yaliyozeeka. Watu walijaa hadi kwenye mchanga. Hamphrey, muuza simu mwenye sauti kubwa, ndiye aliyekuwa mtangazaji, naye alishaanza kuita magari kwa majina. Joakim alikuwa ndani ya Nyuki, mkanda umefungwa, kofia ya pikipiki kichwani, akiwapungia watu.

"Mwaka huu nimemsimamia mwenyewe!" aliwaambia waliokuwa karibu. "Nati kwa nati. Mwanamke husimamiwa."

Walicheka. Edina alipita katikati yao na kitambaa mkononi kama fundi anayekuja kufuta kioo. Aliinama dirishani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Haya, haya. Futa hapo, nuru inanipiga."

Alifuta kioo. Kisha akaingiza mkono ndani ya gari na kuufungua chini ya macho yake. Kwenye kiganja kulikuwa na punje mbili, nyeusi, moja na ganda lake.

"Unazijua hizi?"

Joakim alitazama. "Kahawa."

"Ya ghala lako. Mwaka jana zilikuwa kwenye chujio la oili, chini, pale uliponikataza kufungua. Zilidondoka toka kwenye magunia uliyoifunikia injini. Ndizo zilizoinokisha." Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtoto anayepeleka salamu. "Zilikuwa nyingi. Hizi ni mbili tu. Nyingine nimezirudisha pale pale ulipoziacha."

Uso wa Joakim ulibaki na tabasamu la kupungia watu, ila chini yake ulikuwa umekufa.

"Unatania."

"Sikiliza tu huko mbele, baba mdogo. Mlio wake unaujua."

Angeweza kushuka. Angeweza kupiga kelele kwamba binti wa kaka yake ameitegea injini. Lakini wangemuuliza ameitegea na nini, na kahawa ya nani, na tangu lini. Na mwaka mzima alikuwa amekula, amekunywa na kucheka juu ya uongo mmoja. Hamphrey akaita: "Nyuki! Joakim na Nyuki wake!" Umati ukapiga vigelegele. Edina alitoa mkono dirishani, akafunga kiganja, akarudi nyuma.

Bendera ikashuka.

Bodaboda ya pekee iliyobaki ilikuwa ya Florian. Alimtazama Edina na kuanza kucheka, kisha akaona uso wake, akaacha.

"Nipandishe mlima, nyuma ya magari."

"Fundi, vumbi hilo..."

"Nipandishe."

Walipanda. Ziwa lilibaki chini, na ubaridi wa milima ya Umatengo ukaanza kuwapiga kifuani. Waliikuta Peugeot ya katekista imekwama kwenye tope la chemchemi, katekista mwenyewe akiisema kwa maneno yasiyo ya kanisani. Walipita Land Rover iliyopasuka tairi. Kisha, kwenye kona kali, pale mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo, yanapoanza kuonekana mteremkoni, waliona rangi ya manjano.

Nyuki alikuwa amesimama pembeni, mlango wazi, injini imezimwa. Joakim alikuwa ameketi kwenye jiwe mbali na gari, mbali sana, kama vile lingelipuka. Kofia ilikuwa chini. Wakulima walikuwa wameshuka kutoka mashambani na majembe yao, wamelizunguka gari, na kila mmoja alikuwa akiuliza swali lile lile.

"Limekuwaje, baba mdogo?"

"Linanoki," alisema bila kuinua macho. "Toka kona ya kwanza. Tok, tok, tok. Nililisikia."

"Tulivyoliona sisi," mzee mmoja alisema, "lilikuwa linatambaa kama kobe, halafu akalizima akakimbia."

Edina aliingia ndani ya gari. Aliketi kwenye kiti cha baba yake, akazungusha ufunguo. Injini ilishika mara moja. Alikanyaga mafuta kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Sauti ilitoka safi, nyembamba na kali, ikarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Hakukuwa na tok. Florian alikaza sikio juu ya boneti, akasikiliza, akamgeukia Joakim.

"Mzee, hii imenoki wapi?"

Joakim aliokota kofia yake, akaanza kuipangusa vumbi.

"Panda basi, baba mdogo," Edina alisema. "Tumalize wote."

"Sipandi humo," Joakim alisema, na sauti yake ilitetemeka mbele ya wakulima, mbele ya majembe yao, mbele ya mtoto wa bodaboda. "Sipandi."

Edina alimwacha pale. Kona zilizobaki alizipanda kama alivyofundishwa na baba yake, gia chini mapema, mafuta bila huruma, na alipoingia uwanja wa Mbinga fahali alikuwa ameshapata mwenyewe. Hakuna aliyejali. Watu walisimama kwa ajili ya mlio ule, ambao walikuwa hawajausikia tangu Placidi azikwe, na Hamphrey alishusha kipaza sauti ili usikike. Alipokwisha kuizima injini, Florian alifika nyuma yake, akawaeleza wenzake wa kijiweni. Ilipofika jioni, jina la Noki lilikuwa limeshahama. Joakim alipoletwa mjini nyuma ya lori la mkaa, makopo yalimlaki.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, mtu alipiga hodi gerejini. Edina alikuwa peke yake, anaimalizia ile Land Rover ya mwalimu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwitikia tangu matanga. Joakim alibaki amesimama. Alikiangalia kile kiti, akageuza uso.

"Gari nimekuachia," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nimemwambia kaka Mansuetus, mkubwa wa ukoo, na wazee wamekubali. Nimesema mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba ni lako. Nina ombi moja tu. Zile punje zitoe. Kuna siku itamuua mtu."

Edina alijifuta mikono kwa kitambaa. Alikwenda dirishani, akachukua lile kopo, akalifungua, akamwekea mkononi. Kopo lilikuwa limejaa.

Joakim alichungulia ndani. Alitikisa kidogo, punje zikagongana.

"Hizi ni zipi?"

"Ni zile."

"Zote?"

"Zote. Na zile mbili nilizokuonyesha zimo humo humo."

Ilimchukua muda. Edina alimwangalia usoni jinsi jambo lilivyokuwa likimfikia, hatua kwa hatua, na hakumhurumia hata kidogo.

"Kwa hiyo siku ile mlimani..."

"Ilikuwa nzima, baba mdogo. Nzima kuliko alivyowahi kuwa nayo baba. Ungekanyaga mafuta tu, fahali alikuwa wako."

Ephrasia alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba na birika la chai, maana mgeni ni mgeni. Alisikia. Akaangalia lile birika, akarudi nalo ndani.

Edina alidhani angejisikia vibaya. Kanisani asubuhi ile alikuwa amejaribu kujisikia vibaya, akashindwa. Aliokota spana, akalala chali, akajisukuma chini ya Land Rover. Kutoka huko aliviona viatu vya baba yake, kisigino cha kushoto kimeliwa upande, vimesimama pale pale bila kusogea. Alikaza nati aliyokuwa ameiacha, akasubiri viondoke.